Utamla Lini?

Nilimtoa Uvira akiwa na urefu wa kidole,
ndani ya kidumu cha lita tano, kifuniko nimekitoboa kwa msumari.
Kule Ngomo, lori likipinda juu ya korongo,
abiria wote wakijiombea,
mimi nilimwombea yeye.
Alimasi aliyeniuzia alicheka: "Kuhe, fundi,
si pambo. Ni mdomo wenye mapezi."

Kioo nilikipata kwenye friji za duka lililofungwa Nyawera,
nikakiunga kwa silikoni, mita mbili na shubiri.
Kikameza ukuta wa sebule, pale lilipokaa kabati la harusi.
Nankafu alitazama vyombo vyake vikihamia chini ya kitanda.
Hakusema kitu. Alisema kesho yake, na kesho kutwa,
na mpaka leo hajamaliza.

Maji ya bomba hayamfai, ni laini mno
kwa kiumbe aliyezaliwa kwenye maji mazito.
Basi kila Jumamosi nateremka ziwani na madumu,
napanda nayo Kadutu, ngazi kwa ngazi.
"Fundi, bomba lako limekauka?"
Sijibu. Ukianza kueleza, utaeleza hadi usiku.

Mwanzo alikuwa na wenzake watatu.
Mwezi wa pili, mmoja.
Siku ya Pasaka nikamkuta peke yake,
tumbo limetuna, uso mtulivu
kama wa mtu aliyetoka kuungama.

Anakula sambaza. Muuzaji wa pale sokoni
anadhani nina watoto kumi na wawili.
Nao sambaza, nasikia, si wenyeji wa Kivu,
waliletwa zamani kutoka Tanganyika;
kwa hiyo kila asubuhi, sebuleni kwangu,
watu wa ziwa moja hukutana ugenini
na mmoja tu ndiye huondoka mezani.

Sasa anatoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole.
Manjano ya shaba, madoa matatu meusi ubavuni,
kana kwamba kuna aliyemshika akiwa na masizi.
Akigeuka, maji yote hugeuka naye.
Nsimire hufanyia hesabu zake mbele ya kioo,
eti anamsahihishia.
Wageni huuliza neno lile lile,
shemeji, padri, hata mkusanya kodi:
"Utamla lini?"

Mwezi huu amekataa kula.
Amechagua jiwe bapa, akalifagia mchanga kwa mdomo,
na mchana kutwa analipepea.
Juu ya jiwe hakuna yai. Hana mwenzi.
Sijui hata kama ni dume au jike.
Nikitia kidole majini, anakirukia.
Alimasi, kwenye simu: "Ndivyo walivyo. Huzaa mara moja,
wakalinda, wasile, mpaka wakaisha."
Kisha akauliza kama nataka mwingine.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku.
Pampu ikakoroma, ikanyamaza.
Betri tulikuwa tumeiazima kwa jirani, kwenye kilio.
Nikachukua pampu ya baiskeli na kipande cha mpira,
nikakaa sakafuni: puu, puu,
mia, mia mbili, elfu na kitu.
Saa tisa mkono ukafa ganzi.

Mlango wa chumba ukalia.
Nankafu, kitenge begani, mshumaa mkononi.
Akamtazama kuhe, akalitazama jiwe,
muda mrefu.
"Analinda nini?"
"Hakuna kitu."
Akaketi. Akaninyang'anya pampu.
"Nenda kalale. Unapiga vibaya."

Kitandani, juu ya vyombo vya harusi,
niliisikia mpaka usingizi uliponichukua:
puu,
puu,
na sauti yake yeye chini chini,
akimgombeza mtu.